Mota ya reluktansi: mwongozo kamili wa kuifanya itoe nguvu zake zote

Ukiifungua mota hii kwa mara ya kwanza utadhani kuna kitu kilisahaulika kiwandani. Rota, sehemu inayozunguka, ni chuma kitupu chenye meno. Haina sumaku, haina shaba, haina fito za alumini kama zilizomo kwenye mota ya kawaida ya induksheni. Stata, sehemu isiyozunguka, nayo ina meno, na kila jino limevishwa koili yake. Ukipitisha mkondo kwenye koili mbili zinazotazamana, jino la rota lililo karibu huvutwa mpaka liwe jino kwa jino na la stata, kwa kuwa usumaku hupita kwenye chuma kwa urahisi kuliko kwenye hewa; ugumu wa usumaku kupita ndio unaoitwa reluktansi. Likikaribia kufika, unazima koili hizo na kuwasha zinazofuata. Kazi yote ni hiyo.

Naipenda mota hii kwa sababu inatengenezeka. Koili inayokaa kwenye jino moja, fundi yeyote wa kuwaindi anaisuka mezani na kuichomeka. Haitegemei sumaku za madini adimu, ambazo bei yake ilipaa sana mwaka 2011 China ilipobana mauzo ya nje. Na si kitu kipya: mwaka 1842 Mskoti Robert Davidson aliendesha kichwa cha treni cha umeme kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow kwa wazo hilihili la sumaku kuvuta chuma. Ugumu mmojawapo wa mota kama yake ulikuwa jinsi ya kuwasha na kuzima koili kwa wakati. Mafanikio makubwa yalisubiri transista, na mwaka 1980 Peter Lawrenson na wenzake wa Leeds, Uingereza, walichapisha kazi iliyowafanya wahandisi waitazame mota hii upya.

Tatizo la Davidson bado liko nasi. Mota nyingi ninazoletewa zikiitwa "dhaifu" chuma chake hakina kosa lolote. Mwenye mota anataka kuongeza volti au kubadilisha koili, na kumbe mkondo unaingia kwa kuchelewa, au unakawia kutoka. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye digrii za kuwasha na kuzima, na unapita haraka kwenye mambo mengine.

Nitatumia mota moja ya mfano mpaka mwisho ili hesabu zishikamane: meno 8 kwenye stata, meno 6 kwenye rota, fezi nne (kila fezi ni jozi ya koili zinazotazamana), kilowati 1.5 kwa mizunguko 3000 kwa dakika, inazungusha pampu ya maji. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa na dayodi na kapasita unatoa takriban volti 320 za DC. Mkondo wa juu kwa fezi ni ampea 8.

Neno moja la usalama kwanza. Volti 320 zilizohifadhiwa kwenye kapasita zinaua hata plagi ikiwa imechomolewa. Zimalize kwa rezista, pima kwa multimita mpaka usome chini ya volti 10, ndipo uguse waya.

Hatua ya 1: Ipime mota kabla ya kuigusa

Chapisha duara la digrii 360 kwenye karatasi, libandike kwenye ncha ya shafti, na funga sindano ya waya kwenye kifuniko iwe alama. Pitisha mkondo mdogo wa DC kwenye fezi moja. Rota itajivuta yenyewe na kutulia jino kwa jino. Msuguano wa beringi unaweza kuizuia isifike kamili, kwa hiyo isukume kidogo kwa mkono kutoka kushoto, iachie, andika digrii. Kisha kutoka kulia, andika tena. Katikati ya namba hizo mbili ndipo palipo jino kwa jino.

Kwenye rota ya meno 6, kutoka jino hadi jino ni digrii 60. Kwa hiyo digrii 30 kutoka hapo jino la stata linatazama bonde la rota. Bondeni tutapaita 0, na jino kwa jino tutapaita 30. Torki (nguvu ya kuzungusha) ya kusukuma mbele inapatikana rota inapopanda kutoka bondeni kwenda jino kwa jino. Ikishapita 30 na bado kuna mkondo, koili inairudisha nyuma. Ni breki.

Sasa ifunge shafti isizunguke na pima indaktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mkondo usibadilike haraka. Mita ya LCR, ya kupimia indaktansi, inatosha kwa mkondo mdogo, lakini haitakuonyesha chuma kinaposhiba, yaani kinapokaribia kikomo cha usumaku kinachoweza kubeba. Njia ninayoiamini ni mshtuko mfupi wa volteji: unganisha volti 24 kupitia transista, weka oskiloskopu ione volteji na mkondo kwa pamoja. Bondeni, mkondo ukifika ampea 2 kwa milisekunde 0.8, indaktansi ni volti mara muda gawanya kwa mkondo: 24 × 0.0008 ÷ 2, yaani milihenri 9.6. Tuiite 10. Jino kwa jino mkondo huohuo utachukua karibu milisekunde 6.7, kwa sababu indaktansi imepanda hadi milihenri 80 hivi.

Rudia kila digrii 5, na kila mahali panda mpaka ampea 8. Kwenye mkondo mkubwa toa volteji inayopotea kwenye ukinzani wa waya: omu 1.2 mara ampea 8 ni volti 9.6, na hizo ni nyingi ukilinganisha na 24. Jumlisha volteji iliyobaki mara muda, upate fluksi (kiasi cha usumaku) iliyoshikwa na koili. Utaona jambo muhimu. Jino kwa jino, fluksi haipandi sawasawa na mkondo; baada ya ampea 3 hivi chuma kinaanza kushiba na mstari unalala. Kwenye mota yetu fluksi kwa ampea 8 ni karibu 0.33 badala ya 0.64 ambayo ungeitegemea kama chuma kisingeshiba.

Eneo lililo kati ya mstari wa bondeni na mstari wa jino kwa jino ndiyo kazi ambayo pigo moja la koili linaweza kufanya. Hapa ni takriban juli 1.46. Mota hii ina mapigo 24 kwa mzunguko (fezi 4 × meno 6 ya rota), kwa hiyo torki ya wastani haiwezi kuzidi 1.46 × 24 ÷ 6.28, yaani nyutoni-mita 5.6. Pampu ya kilowati 1.5 kwa mizunguko 3000 inadai 4.8. Kwa hiyo mota inatosha, na kama haiisukumi pampu, tafuta kosa kwenye mambo yanayofuata. Hesabu hii ndogo imeniokolea siku nyingi za kubahatisha.

Hatua ya 2: Pengo la hewa na beringi

Kwenye mota ndogo za aina hii pengo kati ya meno kwa kawaida ni robo hadi nusu ya milimita. Bondeni usumaku unapita kwenye hewa nyingi hata hivyo, kwa hiyo kupunguza pengo hakubadilishi sana indaktansi ya pale. Jino kwa jino ndipo linapoleta tofauti kubwa. Hata hivyo sishauri kulipunguza kwenye mota iliyokwisha kutengenezwa. Kuongeza kipenyo cha rota si kazi ya karakana, na rota inayokwaruza stata haiponi.

Linalofaa ni kuhakikisha pengo ni sawa pande zote. Pitisha bamba jembamba la kupimia upenyo kwenye kila jino. Pengo la milimita 0.3 na beringi iliyolegea kwa 0.1 maana yake upande mmoja una 0.2 na wa pili 0.4, na upande wenye pengo dogo unavuta kwa nguvu zaidi, ukizidi kuila beringi. Badilisha beringi kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote. Ukirekebisha digrii kwenye beringi mbovu, utarudia kazi yote baadaye.

Hatua ya 3: Sensa ya mahali rota ilipo

Kontrola, kifaa kinachowasha na kuzima koili, inajua rota iko wapi kupitia sensa za Hall (zinazohisi usumaku), diski yenye matundu, au enkoda (kifaa kinachosoma digrii za shafti). Kosa la digrii moja ya shafti linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba mzunguko mzima wa umeme, unaohesabiwa kuwa digrii 360 za umeme, kwenye rota hii ni digrii 60 tu za shafti. Digrii moja ya shafti ni digrii 6 za umeme.

Kuna pampu iliyonisumbua siku mbili. Ilianza vizuri, ikichanganya mwendo inapoteza nguvu na kunguruma. Nilibadilisha transista, nikapima kapasita, nikashuku koili. Mwishowe nilichora alama ya wino kwenye diski ya sensa na kwenye shafti, nikaiwasha, nikaizima. Alama zilikuwa zimeachana kwa digrii 3. Skrubu ya diski ilikuwa imelegea. Tangu hapo alama ya wino ndiyo ninayoanza nayo.

Linganisha sensa na vipimo vya hatua ya 1, fezi baada ya fezi, zote nne. Usichukulie kwamba fezi moja ikiwa sawa nyingine nazo ziko sawa, kwani sensa za Hall mara nyingi zimebandikwa kwa mkono. Halafu hesabu ucheleweshaji wa kielektroniki. Kwa mizunguko 3000 rota inakwenda digrii 18 kwa milisekunde. Kichujio kinachochelewesha ishara kwa mikrosekunde 50 kinakula digrii 0.9, na kwa mizunguko 6000 kinakula 1.8. Kosa hili linakua na mwendo, kwa hiyo lisahihishe ndani ya programu kwa kutumia mwendo wenyewe. Kuisogeza sensa kwa mkono kutaponya mwendo mmoja na kuharibu mwingine.

Hatua ya 4: Digrii ya kuwasha na digrii ya kuzima

Hapa ndipo nguvu nyingi zinapopotea, na hapa ndipo zinaporudi bila kununua chochote.

Mkondo hauji mara moja. Bondeni unahitaji muda wa indaktansi mara mkondo gawanya kwa volti: 0.010 × 8 ÷ 320, yaani milisekunde 0.25. Muda huo haubadiliki, lakini digrii zinazopita ndani yake zinabadilika na mwendo. Kwa mizunguko 1500 ni digrii 2.25. Kwa 3000 ni 4.5. Kwa 6000 ni 9.

Kwenye mota yetu meno yanaanza kupandana karibu na digrii 9. Hapo ndipo torki inapoanza, na ampea 8 zinatakiwa ziwe zimeshafika. Kwa hiyo kwa mizunguko 3000 washa kwenye digrii 4.5. Ukiwasha kwenye 9 yenyewe, mkondo utakuta indaktansi tayari inapanda, nayo inapanda pamoja na volteji ya kupinga inayotokana na mwendo, na hautafika ampea 8 kamwe. Ndiyo mota inayoanza kwa nguvu na kulegea ikikimbia.

Kuzima kunawachanganya wengi. Unapozima, mkondo unarudishwa kwenye kapasita kupitia dayodi kwa volti zilezile 320, na fluksi inahitaji kushuka mpaka sifuri. Fluksi ya 0.3 gawanya kwa 320 ni milisekunde 0.94, sawa na karibu digrii 17 kwa mizunguko 3000. Maana yake ukisubiri digrii 30 ndipo uzime, mkia wa mkondo utafika 47, na sehemu yote hiyo ni breki. Kwenye mwendo ambao mkondo haufiki kikomo cha kontrola, chukua kama kanuni kwamba fluksi inashuka kwa digrii karibu sawa na zilizotumika kuipandisha. Kwa hiyo muda wa kuwasha usizidi nusu ya digrii 60. Ukizidi, fluksi haifiki sifuri kabla ya pigo linalofuata na mkondo unajilimbikiza.

Tukiwasha kwenye 4.5 na kuzima kwenye 21, mkia unaisha karibu na 38. Unapita jino kwa jino kwa digrii 8, ila sehemu hiyo ya mwisho mkondo ni mdogo, na torki inafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo breki yake ni ndogo. Kuzima mapema zaidi ili mkia uishe kabisa kwenye 30 kungepoteza torki nyingi kuliko breki inayookolewa. Mahali bora ni katikati, na panatafutwa kwa kupima.

Nafanya hivi. Naweka mzigo usiobadilika; kwa pampu, vali inabaki palepale na mwendo unashikiliwa na kontrola. Nasoma wati zinazoingia kutoka upande wa DC. Nabadilisha digrii ya kuwasha kwa 1, nasubiri itulie kweli, kama nusu dakika, naandika wati. Nikipata digrii yenye wati chache zaidi kwa mzigo uleule, naishika na kuanza kusogeza digrii ya kuzima vivyo hivyo. Kisha narudi kwenye kuwasha mara moja zaidi, kwa kuwa moja inavuta nyingine. Nafanya kwa mizunguko 500, 1000, 1500, 2000, 2500 na 3000, kwa mzigo mdogo na mkubwa. Namba hizo zinakuwa jedwali ndani ya kontrola, na kati ya namba na namba programu inakadiria. Ni kazi ya siku nzima. Kontrola yenye digrii moja isiyobadilika kwa mwendo wote, hata iwe ya bei gani, haiwezi kushindana na jedwali hilo.

Weka proba ya mkondo ya oskiloskopu kwenye fezi moja ukifanya kazi hii. Mawimbi ya mkondo yanasema mengi: ukiona yanaanza juu kama kilele chembamba kisha yanashuka muda wote, umewasha mapema mno. Yakipanda taratibu na kuwa na nundu upande wa mwisho, umechelewa.

Hatua ya 5: Kontrola, kukatakata mkondo, na kapasita

Inverta ya kawaida ya mota za induksheni haiendeshi mota hii ipasavyo. Mpangilio uliozoeleka ni transista mbili na dayodi mbili kwa kila fezi, koili ikiwa katikati. Una faida kubwa: transista za juu na chini zimetenganishwa na koili, kwa hiyo zikiwaka pamoja hazileti shoti.

Kwenye mwendo mdogo mkondo unakatwakatwa ili usizidi ampea 8. Ukizima transista zote mbili kila mara, mkondo unarukaruka sana, kapasita inachoka na mota inalia. Acha moja ikiwa imewaka, kata kwa nyingine peke yake. Mkondo unazunguka ndani ya koili na kushuka taratibu. Zote mbili zizimwe mwisho wa pigo tu.

Kapasita ni jambo linalobaniwa pesa, na ni kosa. Sehemu kubwa ya nishati inayoingia kwenye kila pigo hurudi. Kama chuma kisingeshiba ingerudi karibu nusu. Kikishiba, inayorudi inapungua hadi theluthi hivi. Kapasita ndogo inaacha volti 320 zizame wakati wa kuwasha, na hesabu zote za hatua ya 4 zilitegemea volti hizo. Pima volteji ya DC mota ikiwa na mzigo kamili, kwa oskiloskopu, kwani multimita itakuonyesha wastani tu.

Hatua ya 6: Mtikisiko wa torki na kelele

Torki inashuka pale fezi moja inapompisha mwenzake. Kwenye mwendo mdogo dawa ni kuzipishanisha: fezi inayotoka inapunguza torki yake kwa mpangilio huku inayoingia inaongeza, jumla ibaki ileile. Vipimo vya fluksi vya hatua ya 1 ndivyo vinavyoipa programu mkondo sahihi kwa kila digrii. Kwenye mwendo mkubwa volti hazitoshi kuuongoza mkondo hivyo, lakini hapo uzito wa rota na pampu wenyewe unalainisha.

Kelele ni habari nyingine. Meno yanavutana kuelekea katikati kwa nguvu kubwa, stata inabanwa kuwa kama yai, na unapozima ghafla inaachiwa na kulia kama kengele. Stata ya meno 8 kwa 6, yenye koili mbili kwa fezi, ina tabia hiyo. Ya 12 kwa 8 inavutwa pande nne na ni tulivu zaidi.

Gonga stata kwa nyundo ndogo ya mbao ukirekodi kwa simu, kisha tazama sauti kwenye programu inayoonyesha masafa. Tuseme inalia kwa hertzi 2000. Nusu ya mtetemo mmoja ni milisekunde 0.25. Basi zima kwa awamu mbili: kwanza transista moja, subiri milisekunde 0.25, ndipo uzime ya pili. Msukumo wa pili unaukuta wa kwanza ukirudi, na vinapunguzana. Mabadiliko yanasikika kwa sikio. Kwa mizunguko 3000 kusubiri huko kunakula digrii 4.5, kwa hiyo anza awamu ya kwanza mapema kwa kiasi hicho au utarudisha breki uliyoiondoa.

Hatua ya 7: Koili na chuma, kama bado kuna haja

Kuwaindi upya kunafaa mota inapotakiwa kukimbia zaidi. Indaktansi inafuata mraba wa idadi ya mizunguko ya waya: ukitoka mizunguko 100 hadi 80 inabaki asilimia 64, na mkondo unaingia haraka. Lakini kwa usumaku uleule utahitaji ampea 10 badala ya 8, kwa hiyo hakikisha transista zinabeba. Tumia nyaya kadhaa nyembamba kwa pamoja badala ya moja nene, jaza nafasi vizuri, na acha njia ya hewa kati ya koili jirani. Hakikisha koili mbili za fezi moja zinasaidiana. Ukiunganisha moja kinyume, fluksi ya fezi hiyo itavurugika na mota itatikisika mara moja.

Kuhusu mabati ya chuma, kila fezi hapa inapigwa mara 300 kwa sekunde kwa mizunguko 3000. Hasara ya mikondo ya ndani ya chuma inafuata mraba wa unene wa bati, kwa hiyo bati la milimita 0.35 linapoteza kiasi cha nusu ya la 0.5. Ukiagiza mota mpya ya mwendo mkubwa, uliza unene huo kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 8: Jaribio la joto

Pima ukinzani wa fezi mota ikiwa baridi. Iendeshe kwa mzigo kamili mpaka joto la nje lisipande tena, mara nyingi saa mbili au zaidi. Zima, maliza kapasita, pima tena haraka. Shaba inaongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto moja. Kutoka omu 1.20 hadi 1.55 ni ongezeko la asilimia 29, sawa na nyuzi 75. Kama karakana ilikuwa na nyuzi 25, koili ziko 100 kwa wastani, na katikati ya koili pana joto zaidi ya hapo. Insulesheni ya daraja F inaruhusu 155, hivyo mota hii iko salama.

Kisha rudia kusoma wati za hatua ya 4 mota ikiwa na joto hilo, kwa mizunguko 3000. Ukinzani umeongezeka, kwa hiyo digrii bora zinaweza kuwa zimesogea kidogo. Namba unazozipata sasa, mota ikiwa ya moto na vali ikiwa wazi, ndizo za kuhifadhi kwenye kontrola.